Mashine Pepe na Mkondo wa Vipashio: Neno "Sikudai" Mbele ya Kompyuta



Mhadhara huu unahusu neno moja la Kiswahili na mashine isiyoshikika. Neno lenyewe ni sikudai. Mfanyabiashara akiliandika peke yake katika ujumbe kwa mteja wake, huenda anamaanisha kwamba wakati uliopita hakuomba malipo. Na huenda anamaanisha kwamba mteja huyo hana deni lolote kwake. Kwa maana ya kwanza deni laweza kuwa lipo bado, ila halikudaiwa. Kwa maana ya pili deni halipo. Tofauti hiyo ni ya fedha, lakini katika maandishi hakuna hata herufi moja inayozitenga maana hizo, na katika matamshi mkazo huangukia silabi ile ile. Ninakusudia kuonyesha kwamba umbo la mashine inayopewa kazi ya kusoma neno hili, jambo linalodhaniwa kuwa la mafundi peke yao, ndilo linaloamua iwapo maana ya pili itaonekana au itapotea bila mtu kujua.

Tuanze na istilahi. Mashine pepe si chuma wala nyaya. Ni orodha fupi ya amri, pamoja na kanuni za kuzitekeleza, ambayo kompyuta halisi huiigiza. (Wengine wangependa niseme tarakilishi, na wengine ngamizi, ugomvi huo nauachia mhadhara mwingine.) Vipashio ni vipande vidogo vyenye kazi katika lugha, vikija kimoja baada ya kingine kama maji mferejini, ndiyo maana ninasema mkondo. Kuchanganua ni kuupokea mkondo huo kutoka kushoto kwenda kulia na kueleza kila kipashio kina kazi gani na kimefungamana na kipi.

Wazo la kufanya kazi hii kwa mashine pepe ni la zamani kuliko wengi wetu tunavyofikiri. Mwaka 1964 Val Schorre, wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha maelezo ya META II. Mtumiaji aliandika sarufi. Sarufi ikageuzwa kuwa amri chache za mashine pepe. Amri hizo zikasoma matini. Faida yake ni kubwa. Mwanaisimu hushughulika na sarufi tu, na fundi hushughulika na mashine tu. Mwaka 1968 Ken Thompson alieleza namna ya kugeuza ruwaza za kutafuta maneno kuwa amri za kompyuta ya IBM 7094. Mwaka 2004 Bryan Ford alitoa sarufi za uchanganuzi zenye uchaguzi wa mfuatano, na miaka michache baadaye Roberto Ierusalimschy, wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, akaziundia mashine pepe ndani ya lugha ya programu iitwayo Lua, lugha iliyozaliwa Brazili mwaka 1993.

Mapokeo mengi ya uchanganuzi wa kompyuta yalianza kwa kukata matini penye nafasi tupu au alama, kisha vipande hivyo vikapelekwa kwenye sarufi. Kwetu njia hiyo inaishia mlangoni. Nafasi kati ya maneno ni mapatano ya waandishi, wala si sheria ya lugha. Kizulu huandika ngiyamthanda kama neno moja, na Kisotho cha Kaskazini huandika ke a mo rata kama maneno manne, ilhali kauli ni ile ile ya mtu kumpenda mwenzake, na viambishi vya pande zote mbili ni ndugu. Kiswahili kimefuata njia ya kuunganisha. Basi kipashio chetu si neno, ni mofimu, na mofimu hazijatengwa kwa chochote kinachoonekana.

Isitoshe, huwezi kuzikata kabla ya kujua sarufi. Chukua kipande ku. Katika kusoma kinaunda kitenzi-jina. Katika hakusoma kinakanusha wakati uliopita. Katika anakuona ni yambwa, nafsi ya pili umoja. Katika kule kunapendeza kinaonyesha mahali. Katika anakula kinabeba tu kitenzi cha silabi moja, isipokuwa kama msemaji anakuonya kuhusu simba, ambapo ku hiyo hiyo ni wewe. Mkataji asiyejua sarufi atatoa kipande kile kile mara tano, na kazi yote ya kuamua itabaki palepale. Kwa sababu hiyo naona afadhali mashine isome herufi moja kwa moja, na kukata na kuchanganua viwe kitendo kimoja.

Tuione mashine ikifanya kazi, tukianza na maneno mawili yaliyo mepesi: sikupenda na sikupendi. La kwanza ni kukanusha wakati uliopita: si, ku ya wakati, shina pend, kiishio a. La pili ni kukanusha wakati uliopo: si, ku ya yambwa, shina pend, kiishio i. Herufi nane za mwanzo zinalingana kabisa. Ni irabu ya mwisho inayotuambia ku ile ya tatu na ya nne ilikuwa nani. Msomaji binadamu haoni taabu, kwa kuwa anaubeba utata huo kwa sehemu ya sekunde bila kuutambua. Mashine lazima ifundishwe kuubeba.

Mashine ya Schorre haikuwa na mahali pa kuubeba. Katika META II, njia ikishakubali kipashio chake cha kwanza, imefungwa: kipashio kinachofuata kisipolingana, mashine husimama na kutangaza kosa. Tukiweka kanuni ya wakati uliopita mbele, sikupendi itahesabiwa kuwa Kiswahili kibovu. Mtu anaweza kuikwepa shida hii kwa kuandika sarufi upya: soma siku, soma shina, kisha tu ndipo uchague kati ya a na i. Maneno yatakubaliwa, lakini sarufi hiyo sasa inasema kwamba siku ni kipande kimoja, jambo ambalo hakuna mwalimu wa Kiswahili angelifundisha. Tumeipinda lugha ili itoshe kwenye kopo.

Mashine ya Rio ni ya busara zaidi. Inayo amri ya kuchagua, inayoweka alama kwenye rundo, yaani hifadhi ambamo kilichowekwa mwisho ndicho kinachotolewa kwanza. Alama hiyo husema: ukishindwa huko mbele, rudi herufi hii na ujaribu njia ile. Kwa sikupendi, mashine inakwenda na njia ya wakati uliopita, inafika mwisho ikitarajia a, inakuta i, inashindwa, inatoa alama kwenye rundo, inarudi baada ya si, na safari hii inasoma ku kama yambwa. Inafaulu. Kwa sikupenda inafaulu mara ya kwanza. Hadi hapa hatuna la kulalamika.

Sasa tuipe sikudai. Vitenzi vyetu vyenye asili ya Kiarabu havibadili irabu ya mwisho katika kukanusha; tunasema sidai, sijibu, siamini. Kwa hiyo njia ya wakati uliopita inafika mwisho wa neno bila kikwazo. Mashine inatangaza ushindi na kuitupa alama iliyokuwa kwenye rundo. Njia ya pili haijaribiwi kamwe. Hakuna kosa lililotangazwa, hakuna onyo, na ukiipa mashine hiyo mkusanyo wa matini milioni moja, kila sikudai itarudi na jibu moja lile lile. Ukiubadili mpangilio wa kanuni, utapata jibu lingine moja, nalo halitabadilika kamwe. Mpangilio wa mistari miwili katika faili la mtu fulani umegeuka kuwa hukumu kuhusu deni.

Nisieleweke kwamba ninamlaumu Ford. Alilenga lugha za programu, ambamo kauli yenye maana mbili ni ubovu, na uchaguzi wa mfuatano ni dawa yake. Lawama iwaendee wanaokichukua chombo hicho kwa sababu kipo tayari na ni chepesi, wakakielekeza kwenye lugha ya watu.

Thompson alikuwa na njia nyingine. Mashine yake haichagui. Penye njia panda inagawanyika kuwa nyuzi mbili, na nyuzi zote husoma herufi moja kwa pamoja kabla ya kusogea. Hakuna kurudi nyuma. Uzi usiolingana unakufa. Uliofika mwisho unahesabiwa. Kwa kuwa nyuzi mbili zilizofika kwenye amri moja huunganishwa, idadi ya nyuzi haiwezi kuzidi idadi ya amri, na muda wa kazi haulipuki, tofauti na mashine zinazorudi nyuma, ambazo sarufi mbaya yaweza kuzizungusha mpaka mtu akakata tamaa. Kwa sikudai, uzi wa wakati uliopita na uzi wa yambwa vyote viwili vinafika salama.

Lakini tazama vizuri neno zinaunganishwa. Sarufi yoyote nadhifu ina kanuni moja ya shina, si mbili. Baada ya ku, nyuzi zetu zote mbili zinafika kwenye kanuni hiyo ya shina, kwenye amri ile ile, kwenye herufi ile ile. Mashine ya Thompson inaziunganisha, na kwa shabaha yake ni sawa, kwa kuwa swali lake lilikuwa kama neno limepatikana au la. Swali letu ni neno limepatikana kwa njia zipi. Hivyo uzi uliounganishwa lazima ubebe historia zote mbili mgongoni. Jay Earley alionyesha namna ya kufanya hivyo mwaka 1970: kwa kila mahali katika mkondo, weka orodha ya matarajio yote yaliyo hai, kila moja likikumbuka lilianzia wapi. Gharama yake, kwa sarufi yenye utata mwingi, hukua kwa kipeo cha tatu cha urefu wa matini. Kwa sentensi ya vipashio 20 hiyo ni 8,000 kwa kukadiria, mzigo mdogo kwa kompyuta yoyote ya leo.

Kiswahili kimekwisha kufaidi mtazamo huu kwa sura nyingine. Huko Helsinki, Kimmo Koskenniemi alitoa mwaka 1983 mofolojia ya ngazi mbili, na Arvi Hurskainen akaitumia kuchanganua Kiswahili, kama alivyoeleza katika makala yake ya mwaka 1992. Mfumo wa namna hiyo hutoa usomaji wote wa neno. Kisha sarufi ya vizuizi, iliyopendekezwa na Fred Karlsson mwaka 1990, hufuta ule usiokubaliana na maneno jirani, na haifuti kamwe usomaji wa mwisho uliobaki. Nakubaliana kabisa na mpangilio huo wa kazi: kwanza shuhudia yote, hukumu baadaye.

Hukumu yenyewe si rahisi. Mtu atasema: ikiwa karibu kuna jana, chagua wakati uliopita. Katika "Jana sikudai" kanuni hiyo ni sahihi. Sasa soma hii: "Fedha ulizoleta jana zimetosha, sikudai." Jana ipo, maneno mawili tu kabla ya kitenzi chetu, lakini imefungiwa ndani ya kishazi rejeshi ulizoleta jana na haina mamlaka nje yake. Kulijua hilo kunahitaji mashine inayoweza kuita kanuni ya kishazi, kuingia ndani, kumaliza, na kurejea ilipoitwa ikikumbuka kwamba kilichosomwa humo kimebaki humo. Hapo ndipo rundo la mashine ya Rio linaporudi kuwa na thamani, si kwa kurudi nyuma bali kwa kuita na kurejea. Mashine inayokifaa Kiswahili, kwa maoni yangu, ni yenye nyuzi za Thompson, kumbukumbu ya Earley, na rundo la kuita. Amri zake hazizidi kumi, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye bidii anaweza kuiandika.

Bado zitabaki kauli zisizoamulika. "Sikudai tena" ina maana mbili. "Sikudai chochote" vilevile. Hapo mashine itoe usomaji wote miwili na iseme kwamba ni miwili, na programu ya kutafsiri inayopokea jibu hilo imwonyeshe msomaji tafsiri zote mbili. Wasemaji wenyewe wanazo njia za kujitoa: anayetaka kuwa wazi husema sikukudai, ambamo ku mbili zimesimama kila moja kwa kazi yake, au husema tu huna deni kwangu. Lakini hatuwezi kuwataka watu waandike kwa ajili ya kurahisishia kompyuta.

Wanafunzi watakaopenda kuijaribu hoja hii wasiishie kwenye neno langu moja. Wachukue sikujibu, sikuamini, sikuhitaji, hakusahau, hakusamehe, haikuhusu, wavipitishe kwenye kichanganuzi chochote walicho nacho, na wahesabu ni vingapi vinarudi na jibu moja tu. Kisha wafungue faili la kanuni watazame ni ipi iliyoandikwa kwanza.