Mwitu, Pori na Mahame: Msamiati wa Mabadiliko ya Misitu katika Nchi ya Nachingwea na Ruangwa

Katika orodha ya kata za Wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, pamoja na Mkotokuyana, Naipanga na Ruponda, imo kata iitwayo Stesheni. Hakuna garimoshi linalofika huko. Reli iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kubeba karanga hadi pwani iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, jina likabaki. Wanaisimu wamezoea hali hiyo: neno huishi kuliko kitu kilicholizaa. Lakini katika habari za misitu hutokea pia kinyume chake. Kitu hubaki palepale, mvua ni ileile na udongo ni uleule, ila neno hubadilika, na neno likibadilika ardhi hiyo hutendewa vingine.

Mada ya mhadhara huu ni uhusiano uliopo baina ya maneno ambayo wasemaji wa Kiswahili huyatumia kuitaja ardhi yenye miti na kanuni ambazo sayansi huzitumia kueleza jinsi ardhi hiyo inavyobadilika. Mfano unaotumika ni nchi ya Nachingwea na Ruangwa, Mkotokuyana ikiwemo. Ikumbukwe tangu mwanzo kwamba nyumbani wakazi wengi wa huko husema Kimwera, Kimakua, Kiyao au Kimakonde, na kwamba Kimwera kiliandikiwa sarufi na Lyndon Harries mwaka 1950. Kiswahili ndicho lugha ya shule, ya soko na ya mihutasari ya serikali ya kijiji. Kwa hiyo neno linaloandikwa katika muhtasari mara nyingi tayari ni tafsiri, na tafsiri ina hasara zake.

Kamusi huyapanga maneno msitu, mwitu, pori, kichaka, nyika na mbuga kwa wingi na ukubwa wa mimea. Msitu ni miti mingi iliyosongamana. Kichaka ni vijiti vifupi. Mbuga ni uwanda wa nyasi. Mpango huo si wa makosa, lakini unayaonyesha maneno hayo kana kwamba ni vyumba vilivyotenganishwa kwa kuta. Mkulima hayatumii hivyo. Kwake ekari moja yaweza kupita katika majina hayo yote ndani ya umri wa mtu mmoja: leo ni konde, kesho ikiachwa ni gugu, kisha ni kichaka, kisha pori, na wajukuu wataikuta ni mwitu. Tena kuna neno ambalo halina nafasi yoyote katika mpango wa wingi wa mimea, nalo ni mahame. Limetokana na kitenzi hama. Mahame yaweza kuwa na nyasi tu au yawe na miti mirefu. Kinachoyafanya yawe mahame si kimo cha mimea bali ni kwamba watu waliishi pale wakaondoka. Neno hilo limebeba historia, na mabadiliko ya msitu ni historia vilevile.

Sayansi nayo ilichelewa kulifikia jambo hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Frederic Clements wa Marekani alifundisha kwamba uoto wa kila nchi hupita hatua zake kama mtoto anavyokua, hadi ufikie ukomavu unaoamuliwa na hali ya hewa, kisha utulie. Mwenziwe, Henry Gleason, alipinga: kila aina ya mmea hufika kwa njia yake na kukaa kwa bahati yake. Mwaka 1935 Arthur Tansley wa Uingereza aliunda istilahi ambayo kwa Kiswahili huitwa mfumo-ikolojia, akimaanisha viumbe pamoja na udongo, maji na hewa vinavyovizunguka, vyote vikitendeana. Tangu hapo msitu si mkusanyiko wa miti tu. Ni mapatano ya muda baina ya mvua, udongo, moto, wanyama na mikono ya watu. Lolote kati ya hayo likibadilika, mapatano hubadilika.

Upande wa mvua, Nachingwea na Ruangwa zina msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi kirefu. Miti ya huko imejengwa kwa kiangazi hicho. Upande wa udongo, kanuni iliyo muhimu zaidi iligunduliwa Afrika ya Mashariki kwenyewe. Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo aliyekuwa katika kituo cha Amani, Usambara, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba udongo wa mtelemko hufuatana kama pete za mnyororo: mwekundu juu, wa kichanga katikati, mfinyanzi mweusi bondeni. Uoto hufuata mnyororo huo. Udongo mweusi wa bondeni, unaojaa maji masika na kupasuka kiangazi, wataalamu wa enzi hizo waliuita kwa neno la Kiswahili, mbuga. Jambo la kusikitisha kidogo ni kwamba mwanafunzi wa leo akisikia mbuga hufikiri tembo na watalii. Maana ya udongo imemponyoka, naye hulazimika kuitafuta upya katika vitabu vya kigeni.

Neno jingine lililosafiri ni miombo. Wataalamu wa mimea wa Kijerumani walilikuta katika lugha za Kibantu, wakalichukua, na sasa latumika duniani kote kuutaja uoto unaoenea toka Tanzania hadi Angola. Vitabu vya kigeni huuchukulia miombo kuwa umoja. Sarufi ya ngeli inajua kwamba ni wingi wa myombo. Tofauti hiyo si ya kuchekesha tu. Miombo ni miti ya jamii ya mikunde, ambayo mizizi yake huishi kwa kushirikiana na kuvu: kuvu huipatia madini kutoka katika udongo usio na rutuba, nayo huilisha kuvu sukari. Uyoga unaookotwa masika katika mapori ya kusini, mwingi wake ni tunda la ushirikiano huo. Ukifyeka miombo yote, uyoga huo hukosa mlishaji wake.

Sehemu kubwa ya uhai wa miti hiyo imo chini. Kisiki cha myombo huchipua. Hata mzizi uliokatwa huweza kuchipua. Mninga una tabia ya ajabu zaidi. Mche wake huota masika, hufa kiangazi juu ya ardhi, huota tena masika yanayofuata, na huweza kurudia hivyo kwa miaka kumi au zaidi huku mzizi ukinenepa, mpaka siku moja unapata nguvu ya kupanda juu moja kwa moja. Mpita njia huona nyasi. Aliyeandika kwamba hapo hapana minga ameandika alichokiona, na amekosea.

Kosa la namna hiyo liligharimu sana. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukiwa ndani ya ndege, kutafuta ardhi ya kulima karanga ili Uingereza ipate mafuta ya kula baada ya vita. Mpango ulioanza mwaka 1947 ulikusudia kufyeka ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa nchini, pamoja na Kongwa na Urambo. Kwa macho ya juu, nchi ilikuwa pori tupu. Neno tupu ndilo la kuangaliwa. Katika Kiswahili cha kawaida pori haliwi tupu; lina asali, dawa, kuni, wanyama na mahame ya watu waliotangulia. Matingatinga yaliangusha miti, lakini mizizi ilibaki na kazi yake, na kuing'oa kulihitaji mashine nyingine na fedha nyingine. Mvua haikufuata ratiba. Mwezi wa Januari 1951 mpango ulitangazwa kuwa umekwisha, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Haitakuwa haki kusema kwamba msamiati peke yake ungeliokoa fedha hizo. Hata hivyo, mtu aliyeamini kwamba mbele yake hapana kitu hakuwa na sababu ya kuuliza kuna nini.

Juu ya moto, sayansi ina jaribio linalostahili kujulikana na kila anayeandika kwa Kiswahili juu ya misitu. Karibu na Ndola, Zambia, kuanzia mwaka 1933, vipande vya miombo vilitengwa. Vingine vilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu. Vingine vilichomwa mwishoni, kila kitu kikiwa kimekauka. Vingine vilikingwa visichomwe kabisa. Matokeo yalichapishwa na Colin Trapnell mwaka 1959. Vilivyochomwa mwishoni vilipoteza miti mikubwa vikawa nyasi zenye miti michache inayostahimili moto. Vilivyochomwa mapema vilibaki miombo. Vilivyokingwa vilisongamana, vikaingiwa na mimea isiyopukutisha majani. Ardhi ni moja na mvua ni moja, lakini uoto ni wa aina tatu, na kilichotofautisha ni tarehe ya kiberiti. Hapo mafundisho ya Clements juu ya ukomavu mmoja hayana pa kusimama. Na hapo pia mabango yanayosema tu "usichome moto msitu" yanaficha nusu ya elimu, kwa sababu moto wa Juni na moto wa Oktoba ni vitu viwili vinavyoitwa kwa neno moja.

Kuna uoto mwingine ambao hauvumilii moto hata kidogo. Juu ya uwanda wa Rondo, mashariki ya Ruangwa, vimesalia vipande vya msitu wa pwani uliosifika kwa mvule, na humo huishi komba mdogo aliyepewa na wanasayansi jina la Rondo mwaka 1997. Mwaka uliofuata, Philip Clarke alipendekeza ukanda wa misitu hiyo ya pwani utambuliwe kuwa eneo la pekee la mimea, akaliita kwa jina la Waswahili. Vipande hivyo ni mabaki. Katika karne ya 19 sandarusi bora iliyouzwa Unguja ilichimbwa ardhini, mara nyingi mahali ambapo msandarusi wenyewe haukuonekana tena. Ile mbichi ya mtini iliitwa chakazi, na wafanyabiashara wa kigeni, kwa kutosikia vizuri, waliigeuza kuwa "jackass", yaani punda. Nyuma ya dhihaka hiyo umo ushahidi: chini ya nyasi palikuwa na msitu.

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ilileta neno msitu katika hali mpya. Kwa sheria hiyo, msitu ni ardhi ambayo vilele vya miti vinafunika angalau asilimia 10, au ambayo vichaka na miche inayochipua inafunika asilimia 50 au zaidi. Kwa hiyo karibu kila kinachoitwa pori Nachingwea ni msitu mbele ya sheria, na hata kichaka juu ya konde lililolazwa chaweza kuwa msitu. Mkulima anayerudi kwenye konde la baba yake haelewi kwa nini aombe kibali. Hajavunja sheria kwa ukaidi. Yeye na sheria wanatumia neno moja kwa maana mbili.

Upande wa pili wa asilimia 10 una hatari kubwa zaidi. Msitu ulioshuka kutoka asilimia 60 hadi 15 bado ni msitu, na katika takwimu za eneo haujapungua hata hekta moja. Baada ya daraja la Mkapa kuvuka Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, magari ya mbao yalimiminika kutoka kusini. Taarifa ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kwamba wilaya zilikuwa zikikosa hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa. Waliochukua hawakufyeka. Walichagua mninga, mkongo na mpingo, wakaacha mingine. Mpingo hukadiriwa kuhitaji miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kwa zumari au kinyago. Ukitazamwa kwa mbali msitu ulikuwa bado umesimama.

Kiswahili cha ofisini hutumia uharibifu wa misitu kwa mambo yote mawili: kuiondoa miti na kuidhoofisha. Mpango wa kupunguza hewaukaa uliopewa jina la MKUHUMI, uliojaribiwa mkoani Lindi na wilayani Kilosa kuanzia mwaka 2009, ulilazimika kutenganisha ukataji na uharibifu, kwa sababu malipo yalitegemea tofauti hiyo. Lakini ukataji nao una utata, maana anayechagua mninga mmoja naye anakata. Ufyekaji kwa ajili ya kwanza na udhoofishaji kwa ajili ya pili yangekuwa maneno salama zaidi, na yote mawili yamo tayari katika lugha.

Istilahi ngumu kuliko zote ni ya mabadiliko yenyewe. Mfuatano wa uoto, linalotumika mara nyingi, linadokeza foleni yenye mwanzo na mwisho, yaani fikra ya Clements ambayo vipande vya Ndola viliikanusha. Wakulima husema pori limerudi. Kitenzi hicho hakiahidi kwamba kilichorudi ni kilekile kilichoondoka, wala kwamba kitakaa. Methali ya mchama ago hanyele, huenda akauya papo, ina mwendo huohuo wa kuondoka na kurejea, na ilisemwa na watu waliojua maana ya kuhama.

Katika nchi hii mahame mengi ni ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Huonekana kwa miembe: miembe mitano au sita mikubwa, imesimama katikati ya miombo michanga. Ramani za mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kwa kawaida huwa na rangi ya makazi, ya mashamba, ya malisho na ya msitu. Mchora ramani akifika penye miembe hiyo hulazimika kuchagua mojawapo, na wazee waliozikwa wazazi wao hapo husimama kando wakingoja kuona atachovya brashi katika rangi ipi.