Kutengeneza Sauti Katika Kinanda cha Umeme

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome polepole baada ya kuyasikiliza.

Ninyi mlioketi darasani Lukuledi, na wenzenu wa Masasi mjini, na wa Newala kule juu kwenye uwanda wa Makonde, karibuni katika somo letu. Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mtu ana karatasi yake. Asiyesoma upesi asione haya. Maneno yote nitakayosema yameandikwa humo, nayo hayatakimbia.

Leo tunazungumza juu ya kinanda cha umeme. Najua baadhi yenu mtacheka na kusema, "Hayo ni mambo ya vijana wa bendi." Ngojeni kidogo. Jambo hili nimelipata kwenu wenyewe. Mama mmoja wa darasa la Lukuledi, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwa miaka mingi, alinijia baada ya somo akaniambia habari hii. Baada ya mauzo ya korosho, wanakwaya walichanga fedha, wakanunua kinanda kikubwa chenye vibao 88, cha namna ile inayopigwa jukwaani. Tangu kilipofika, uimbaji umeharibika. Akina mama wawili wameacha kuja mazoezini. "Kinanda kinatufukuza, mwalimu," aliniambia. "Kinalia kama bati."

Basi nikaenda kukisikiliza. Kweli kilikuwa kikali, na waimbaji walikuwa wakipiga kelele ili wasikike. Lakini kinanda chenyewe hakikuwa kibovu. Kilikuwa bado na sauti ile ile kiliyotoka nayo kiwandani. Hakuna mtu aliyethubutu kugusa vitufe vyake, kwa kuogopa kuharibu mali iliyonunuliwa kwa jasho la watu. Hofu hiyo ndiyo nataka tuiondoe.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Vibao ni vile vyeupe na vyeusi vinavyopigwa kwa vidole. Vitufe ni vile vya kubonyeza. Vifundo ni vile vya kuzungusha, kama kile cha redio cha kuongezea sauti.

Sasa niambieni. Ngoma ikitoka kwa fundi, je, mpigaji huichukua akaipiga vivyo hivyo? Hata kidogo. Kabla ya sindimba kuanza mmeona moto wa nyasi kavu ukiwashwa, ngoma zikaelekezwa motoni. Ngozi hukaza, na sauti hupanda. Mpigaji hugonga, husikiliza, huirudisha motoni, hugonga tena. Wengine hubandika nta katikati ya ngozi ili sauti iwe nzito. Fundi amemaliza kazi yake, lakini mpigaji bado hajamaliza yake. Hata kule Dodoma, Wagogo wana ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba. Ubao wake hutobolewa, na tundu huzibwa kwa utando wa buibui ili kila noti itoke na mvumo wake. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alizunguka dunia na ala hiyo. Wazungu walilipa viingilio kusikia utando wa buibui!

Kinanda cha umeme nacho ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba moto wake na nta yake vimefichwa nyuma ya vitufe.

Ndani ya kinanda hiki hamna nyuzi. Sauti ya piano mnayoisikia ni sauti iliyonaswa. Mafundi walikaa na piano halisi ya nyuzi, wakapiga noti zake moja moja, kwa upole, kisha kwa nguvu kiasi, kisha kwa nguvu nyingi, wakanasa kila pigo. Ukigusa kibao, mashine hutazama umekipiga kwa nguvu gani, halafu hutoa pigo linalofanana. Kazi ya kunasa sauti si ngeni katika nchi hii yenu. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alifika Masasi na Newala na mashine ya kunasia sauti. Alizinasa nyimbo za watu wa huku katika silinda za nta. Lakini silinda ya nta ilitoa tu kile ilichopewa. Kinanda cha leo kinakubali kubadilishwa.

Kubadilishwa vipi? Hapa twende polepole, maana hapa ndipo penye kazi. Mwalimu, ukitaka kuisimamisha redio uwaulize wanafunzi, isimamishe hapa.

Kila sauti ina jinsi yake ya kuanza na jinsi yake ya kufa. Mchi ukigonga kinu, sauti huanza ghafla na kufa papo hapo. Kengele ya kanisa huanza ghafla vile vile, lakini hukawia kufa. Unaweza kutembea hatua kadhaa ukiwa bado unaisikia. Na mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, sauti yake huanza chini, ikapanda, ikakaa, kisha ikashuka polepole. Katika kinanda kuna mahali pa kubadili haya. Ukiuchelewesha mwanzo wa sauti, piano huacha kugonga kama mchi, huanza kuingia taratibu kama pumzi. Ukiurefusha mwisho wake, noti hubaki ikilia hata baada ya kuinua kidole. Usiurefushe mno. Noti ya jana ikikaa juu ya noti ya leo, wimbo huwa uji.

Jambo la pili ni ukali wa sauti. Mtu akizungumza nawe uso kwa uso, unasikia kila herufi. Akijifunika blanketi akaendelea kusema, maneno ni yale yale na sauti ni yake, lakini ule ukali wa juu umezuiwa. Kinanda kina blanketi kama hilo. Kwa kifundo kimoja unazuia sehemu ya juu ya sauti, na ile sauti ya bati inalainika. Hili ndilo lililokuwa tatizo kubwa la kinanda cha Lukuledi. Sauti za piano nyingi hutiwa ukali kiwandani ili zisikike katikati ya magitaa na ngoma za bendi. Kwaya ya watu ishirini haina magitaa. Ukali ule uliangukia mahali pale pale inapokaa sauti ya akina mama, basi wakawa wanapigana nao.

Tatu ni mwangwi. Mashine inaweza kutia mwangwi wa kubuni, kana kwamba unapiga katika jumba kubwa. Ni kitu kizuri nyumbani, penye chumba kidogo chenye mapazia. Lakini kanisa lenye kuta za matofali, sakafu ya saruji na paa la bati lina mwangwi wake tayari. Mkiongeza wa mashine juu ya huo, maneno ya wimbo hayasikiki. Mwangwi wa kinanda kile ulikuwa juu sana. Tuliupunguza mpaka karibu na mwisho, na mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Sasa nasikia wanaimba nini." Nadhani alikuwa hajayasikia maneno kwa miezi kadhaa.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Mnaweza kuunganisha sauti mbili zikalia pamoja, mathalani piano na nyuzi laini chini yake. Mnaweza kuvigawa vibao, mkono wa kushoto utoe besi na wa kulia utoe piano. Mnaweza kueleza mkono wa mpigaji ni mzito au mwepesi, ili kijana anayegonga kama anapasua kuni asiwatoe watu masikioni. Na mnaweza kushusha wimbo mzima bila mpigaji kubadili vidole. Hili msilidharau. Wimbo ukiwa juu mno, akina mama wa sauti ya kwanza hukwaruzwa koo, na hapo hulaumiwa wao badala ya kulaumiwa kinanda. Sisi tulishusha hatua mbili ndogo, tukihesabu vibao vyeupe na vyeusi pamoja.

Katika kazi hii shikeni desturi moja: badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha imbeni ubeti mmoja. Msigeuze vifundo vinne kwa pamoja, maana hamtajua ni kipi kilichosaidia na kipi kilichoharibu. Tena mwenye kusikiliza asiwe mpigaji. Mpigaji amekaa karibu na spika yake, anajifurahisha. Mpelekeni mtu mwenye masikio mazuri akasimame mlangoni, naye awe ndiye hakimu. Kwetu alikuwa yule mama aliyelalamika. Alikataa mara tano. Mara ya tatu mpigaji alianza kununa, nami nikamwambia avumilie.

Huenda mtu akauliza, "Kama mafundi wa kiwanda ni hodari, kwa nini tusiwaachie?" Swali hilo ni la haki. Mwaka 1983 kampuni ya Yamaha ilitoa kinanda kilichoitwa DX7. Kilikuwa na uwezo mkubwa wa kutengenezwa sauti mpya, lakini njia ya kufanya hivyo ilikuwa ngumu, na wapigaji wengi walitumia zile za kiwandani tu. Matokeo yake, sauti moja ya piano ya umeme ya kinanda hicho ilisikika katika nyimbo za watu wengi mbalimbali wa miaka ile, hata ukadhani wote walikuwa katika bendi moja.

Sasa tazameni Dar es Salaam. Vijana wa mchiriku walikuwa na vinanda vidogo vya Casio, vya bei nafuu, ambavyo wengine waliviona ni vya kuchezea watoto. Havikuwa na vifundo vya kutosha. Wao wakavipitisha katika vipaza sauti vya pembe, sauti ikatoka imepasuka, kali, yenye kukimbia pamoja na ngoma. Kikundi kimoja, Jagwa Music, kilifika mpaka Ulaya na sauti hiyo, na albamu yao Bongo Hotheads ilitoka 2012. Mimi binafsi nisingependa kuisikia kanisani. Lakini kwa ngoma ya mtaani ilifaa, nao waliitafuta wenyewe kwa masikio yao. Ukali tulioupunguza Lukuledi ndio waliouongeza wao.

Sasa nifike kwenye kosa langu, nililolifanya siku ile ile. Tulifanya kazi tangu saa nane mchana. Saa kumi na moja sauti ilikuwa tayari, tamu, kila mtu ameridhika. Nikasema tuimbe mara ya mwisho. Katikati ya ubeti wa pili umeme ukakatika. Uliporudi, kinanda kikawaka na sauti ile ile ya bati ya siku ya kwanza. Nilikuwa sikuihifadhi. Kazi yote ya saa tatu ilipotea, na watu wote wakanitazama mimi, msomi wao.

Kwa hiyo shikeni hili, na hapa kusoma kwenu kunaingia kazini. Kinanda hakikumbuki mpaka ukiambie kikumbuke. Maandishi ya vitufe vyake ni ya Kiingereza, lakini herufi ni hizi hizi mnazozijua. Katika vinanda vya Yamaha na Nord vya jukwaani tafuteni kitufe kilichoandikwa S, T, O, R, E. Katika vile vya Roland tafuteni W, R, I, T, E. Neno la kwanza maana yake ni weka ghalani; la pili maana yake ni andika. Bonyezeni hicho, chagueni namba ya mahali pa kuweka, kisha kubalini. Angalieni namba hiyo isiwe na sauti nyingine mnayoipenda, kwa sababu mpya itakaa juu ya ya zamani. Namba mliyochagua iandikeni katika daftari la kwaya pamoja na jina la wimbo. Vinanda vingi vinakubali pia flashi; wekeni nakala humo, na flashi ikae kwa mtu mwingine asiye mpigaji. Mpigaji akihamia Mtwara, sauti yenu isihame naye.

Ile iliyopotea tuliitengeneza upya Jumamosi iliyofuata. Ilichukua chini ya saa moja, maana mpigaji alikwisha kuijua njia. Imewekwa namba 12, na aliyeiandika daftarini ni yule mama, kwa mkono wake, "NAMBA 12 TULIYOITENGENEZA". Nililiona daftari hilo. Kati ya wale wawili walioacha, mmoja amerudi. Wa pili anasema atakuja kwanza kukaa mlangoni, asikilize.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kabla ya somo lijalo, sikilizeni sauti tatu za hapo mnapokaa. Kwa kila moja andikeni mistari miwili: ya kwanza, inaanzaje, ya pili, inakufaje. Walio na kinanda karibu wajaribu kuikaribia mojawapo. Mwalimu azikusanye karatasi, nami nitazisoma chache hapa redioni wiki ijayo, saa hii hii.

Kwaherini.