Petroli Inakwenda Wapi?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya motokaa, na hasa ile motokaa ambayo imeanza kunywa petroli kuliko ilivyokuwa ikinywa zamani. Msidhani nimeiacha kazi yangu nikaingia gereji. Ninayo sababu yangu, nanyi mtaiona kabla hatujaachana.

Kila tarehe 14 ya mwezi sisi watu wa Kenya hungojea tangazo la bei ya mafuta kutoka EPRA, kama vile watu wanavyongojea matokeo ya mitihani. Bei ikipanda tunanung'unika, ikishuka kidogo tunanung'unika kwamba imeshuka kidogo. Nasi tuna haki ya kunung'unika. Mwezi wa Februari 2021 lita moja ya petroli mjini Nairobi iliuzwa karibu shilingi 115. Mwezi wa Oktoba 2023 ilikuwa imepita shilingi 217. Lakini bei ni nusu tu ya jambo lenyewe. Nusu ya pili ni hii: lita hiyo moja, ikiisha kuingia katika tangi, inakuchukua kilomita ngapi?

Nimewauliza watu wengi wenye magari swali hilo, na wengi hawana jibu. Mmoja huniambia, "Mchungaji, zamani nilikuwa nikiweka ya elfu mbili nayo inanifikisha Ijumaa, na sasa Jumatano nimekwisha." Basi anaamini kwamba gari lake limeharibika. Lakini tazama: kwa bei ya Februari 2021, shilingi elfu mbili zilinunua lita 17 na zaidi. Kwa bei ya Oktoba 2023 zilinunua lita 9 tu na kidogo. Gari halikubadilika hata kidogo. Kilichopungua ni kipimo. Apimaye mafuta kwa shilingi ni kama mshonaji apimaye kitambaa kwa futi ya mpira.

Mimi nisingalitumia nafasi hii ya redio kwa jambo hili kama ingalikuwa ni hasara ya fedha tu. Kwa maana petroli ikianza kwisha upesi, mara nyingi watu hawatazami gari kwanza. Wanamtazama mtu. Shuleni wanamtazama dereva wa basi. Katika kampuni wanamtazama yule kijana wa kupeleka mizigo. Nyumbani baba anamtazama mwanawe aliyeazima gari Jumamosi. Na kanisani, ndugu zangu, kanisani ndiko nilikoliona jambo hili kwa macho.

Palikuwa na parishi moja, ambayo sitaitaja, iliyokuwa na gari dogo la kubeba watu na vitu. Mweka hazina alileta risiti za petroli mbele ya kamati, miezi miwili mfululizo, na hesabu ilikuwa kubwa mno. Nilikuwapo siku hiyo kama mgeni. Hakuna aliyetamka neno "wizi," kwa maana sisi watu wa kanisa tunajua kuchagua maneno. Walisema tu, "Kijana huyu ana mienendo." Mmoja akasema amemwona na mtungi wa plastiki. Dereva aliitwa, akaulizwa, akasema hajui. Na kwa kweli hakujua. Angewezaje kujua?

Ndipo mzee mmoja aliyekuwa fundi wa magari kabla ya kustaafu akaomba ufunguo. Aliliendesha gari kilomita kama kumi, pasipo kukanyaga breki ila kidogo, akalisimamisha taratibu, akashuka, akalizunguka akipeleka kiganja chake karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Matatu yalikuwa na vuguvugu. Gurudumu la nyuma upande wa kulia lilitoa joto kama jiko. Kamba ya breki ya mkono ilikuwa imeshika kutu, haikurudi ilipoachiwa, na gari lile lilikuwa linatembea mchana kutwa huku breki imeshikilia. Ilipotengenezwa, gari lililokuwa likienda kilomita 7 kwa lita lilirudi likaenda 10. Kamati iliandika jambo hilo katika kumbukumbu zake na kumwandikia kijana barua nzuri ya kumtaka radhi. Lakini kijana alikuwa amekwisha kuondoka. Alipata kazi kwingine, na ninavyosikia, habari ya ule mtungi ilifika huko kabla yake.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinatukataza kumhukumu mtu kwa neno la shahidi mmoja. Basi risiti ya petroli ni shahidi mmoja. Shahidi wa pili ni zile namba za kilomita zilizo mbele ya dereva. Na namna ya kuwasikiliza hao wawili pamoja ni rahisi, wala haihitaji fundi.

Jaza tangi mpaka pampu ijizime yenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone. Andika namba za kilomita. Liendeshe gari kama kawaida yako mpaka tangi lifike nusu au chini. Rudi kituo kilekile, pampu ileile ukiweza, jaza tena mpaka pampu ijizime. Sasa chukua kilomita ulizokwenda, ugawanye kwa lita zilizoingia. Ukienda kilomita 324 na lita 36 zikaingia, gari lako linakwenda kilomita 9 kwa lita. Rudia mara tatu, kwa maana mara moja yaweza kukudanganya. Usiutegemee mshale wa mafuta, kwa maana umetengenezwa kukuonya tu, hesabu huiwezi.

Tena uikumbuke njia. Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na Mombasa iko ufukoni. Gari litokalo Mombasa kupanda Nairobi litakunywa zaidi kuliko likiteremka, na hakuna mtu aliyeiba. Kadhalika gari linaloshinda katika msongamano wa mjini haliwezi kulinganishwa na lile liendalo Nanyuki bila kusimama. Linganisha njia na njia yake.

Ukiisha kuwa na namba hizo, waweza kutenga mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kama dereva anatumia gari kwa safari zake za siri, kilomita zitaongezeka, lakini kilomita kwa lita hazitabadilika, kwa sababu gari halijui safari ni ya nani. Kama petroli inanyonywa kwa mpira, au risiti imeandikwa lita ambazo hazikuingia, kilomita kwa lita zitaonekana kuwa chache katika risiti zake, lakini ukijaza wewe mwenyewe na kuendesha wewe mwenyewe njia ileile kwa mwendo uleule, zitakuwa nzuri. Na kama wewe mwenyewe umejaza, umeendesha, na namba bado ni mbaya, basi mwizi ni gari. Au ni mguu wako, na nitakuja huko.

Gari likiwa na hatia, anza na yasiyo na gharama. Tazama chini lilipolala usiku kama pana unyevu, na unuse. Petroli inayovuja ni hatari ya moto kabla ya kuwa hasara. Kisha upepo wa tairi. Kipimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni pa dereva katika magari mengi, nao hupimwa asubuhi tairi zikiwa baridi. Lakini tusidanganyane: tairi zote nne zikishuka kutoka 32 hadi 22, petroli itakayopotea ni kama asilimia 2 tu. Tairi zitakwisha upesi, na gari halitashika njia vizuri, ila hilo peke yake haliwezi kulishusha gari kutoka 12 hadi 9. Keria iliyo juu ya gari inayobebwa mwaka mzima kwa ajili ya safari ya Desemba, iteremshe. Kisha lile jaribio la mzee wetu, la kiganja na magurudumu.

Sasa twende kwenye injini. Wengi wenu mnaonisikiliza mlijifunza kuendesha katika Peugeot 404 au 504 yenye kabureta, na siku zile chujio la hewa likijaa vumbi gari lilikunywa petroli vibaya sana. Fundi wa siku zile alikuwa na haki ya kulitazama kwanza. Lakini magari mengi tunayoletewa sasa kutoka Japani yana kompyuta inayopima hewa na kutoa petroli kwa kadiri yake. Chujio likiziba, gari hilo hupoteza nguvu, na petroli haiongezeki sana. Libadilishe kwa wakati wake, lakini usitegemee kwamba hapo ndipo utakapoipata petroli yako.

Yapo mambo mawili ambayo mafundi wa kando ya barabara huyapita. La kwanza ni themostati, ile kinga ndogo inayozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto. Ikikwama wazi, injini haipati joto lake, na kompyuta, ikidhani kwamba bado ni asubuhi, inaendelea kuongeza petroli. Wako mafundi wanaoitoa kabisa na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto. Mwulize fundi wako kama yako ipo. Ukiona mshale wa joto haufiki mahali pake hata baada ya safari ya nusu saa, umekwisha kupata jibu.

La pili ni kile kifaa kidogo kilicho katika bomba la moshi, sensa ya oksijeni, kinachoieleza kompyuta kama petroli imezidi au imepungua. Kikizeeka au kikifa, kompyuta hutoa petroli kama mtu amwagaye maji gizani. Wamarekani wamekadiria kwamba kasoro kubwa ya namna hii ikitengenezwa, mwendo wa gari kwa lita waweza kuongezeka hata asilimia 40. Mara nyingi taa ya injini itakuwa imewaka. Na hapa nawasihi: wako watu ambao huifunika taa ile kwa kipande cha karatasi, na wengine humlipa fundi aizime tu. Mtafute mwenye mashine ya kusoma kompyuta, akuambie taa inasema nini, na akibadilisha kitu mwombe akupe kile cha zamani mkononi. Plagi nazo zitazamwe siku hiyohiyo.

Sasa mguu. Mwendo ukitoka 80 ukafika 110, nguvu ya upepo inayolipinga gari huwa karibu mara mbili, na petroli ndiyo inayolipa. Kukanyaga mafuta kwa nguvu na mara kukanyaga breki kwenye tuta ni kununua mwendo na kuutupa. Gari likinguruma bila kwenda, mwenyewe akizungumza na simu, linaweza kumaliza lita moja kwa saa, pungufu au zaidi kwa kadiri ya injini.

Lakini liko jambo moja ambalo nataka kulikaza sana, kwa sababu limeua watu. Ni desturi ya kuachia gari bila gia katika mteremko, ili eti kuokoa mafuta. Mteremko wa Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, umekuwa na sifa mbaya miaka mingi kwa ajali za malori yaliyoachiwa hivyo. Lori likiwa bila gia, injini haisaidii kulizuia. Breki zinabeba mzigo wote, zinashika moto, na mwishowe hazishiki tena. Na cha kuhuzunisha ni kwamba katika gari lenye kompyuta hakuna hata petroli iliyookolewa. Gari hilo likiteremka ndani ya gia, mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, kompyuta hufunga petroli kabisa, kwa maana magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Likiwa bila gia, injini inahitaji petroli ili isizime. Basi yule anayeachia gari anapoteza mafuta na kuhatarisha roho za watu kwa pamoja.

Mwisho, msinunue vidonge vya kutia katika tangi, wala sumaku za kufunga kwenye mpira wa petroli. Serikali ya Marekani imepima vifaa zaidi ya 100 vya namna hiyo, wala haikuona kimoja kinachosaidia kwa kiasi cha maana. Jihadharini pia na mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Ni kwa ajili ya uovu huo Kenya ilianza mwaka 2018 kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, na aliyeumia ni mama mwenye jiko la tambi.

Kwa hiyo wale mnaoketi katika kamati zenye magari, wekeni daftari ndani ya gari, lenye safu tatu: tarehe, kilomita, lita. Dereva aandike kila ajazapo, na mweka hazina atie sahihi kila mwisho wa mwezi. Na kama jina la dereva wenu liko katika ajenda ya juma hili, liondoeni kwanza mpaka mtakapokuwa mmejaza tangi mara tatu.

Kwaherini, mpaka juma lijalo saa kama hii.