Kumwalika Jirani Kupiga Kura ya Maji
Mazungumzo na watumiaji wa maji wa vijiji vya Kasulu



Tumeombwa tuzungumzie haki za mtumiaji wa maji, nasi tumechagua moja ambayo wengi huisahau: haki ya kuchagua wasimamizi wa maji na kusema neno juu ya bei yake.

Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji ya vijijini huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii, vikisimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Vyombo hivyo ni vyenu. Kamati ikiwekwa na watu wachache, siku bomba litakapopasuka na fedha isionekane, wengi watauliza, "Kwani hawa walichaguliwa na nani?"

Basi jirani aalikwe vipi? Sisi wenyewe tumewahi kukosea. Katika kijiji kimoja tulinyamaza mbiu ya mgambo ilipotangaza kwamba asiyefika mkutanoni hatachota maji. Watu walijaa. Mikono ilipanda, mikono ikashuka, na hakuna aliyeuliza swali hata moja. Baada ya wiki chache watu walewale waliikana kamati waliyoiweka. Walikuja kuziokoa ndoo zao, hawakuja kuchagua.

Tangu hapo tunashauri mwaliko utaje jambo lenyewe: nani anamaliza muda wake, bei inayopendekezwa ni ipi, na kama hesabu zitasomwa. Mama anayepanda kilima na ndoo kichwani ataitua kwa ajili ya swali la bei. Akiambiwa tu "njooni mkutanoni", atapita. Saa nayo iwe ya kumfaa. Msimu wa kupanda mahindi na maharage, mkutano wa saa nne asubuhi ni mkutano wa wasio na shamba.

Tena, kumwomba mtu aje kupiga kura si kumwomba akupigie wewe. Mgombea anayepita nyumba kwa nyumba aseme wazi kuwa yeye ni mgombea. Akiacha kilo ya sukari mlangoni, huo si mwaliko tena, ni ununuzi. Na baba anayewaambia watoto wake watu wazima kwamba ukoo mzima unamnyooshea mkono fulani, amezichukua kura zao kabla hawajatoka nyumbani.

Mkono ulionyooshwa mbele ya mkwe au mdai hauko huru. Ikiwa wagombea ni wawili na wapo wasiosoma, kila mpiga kura apewe punje ya hindi na punje ya harage, moja kwa kila mgombea. Atatumbukiza moja katika chungu chenye mfuniko, na ya pili ataiacha katika chungu kingine, pasipo kuonwa.

Asiyekuja asitajwe hadharani. Aulizwe kwa upole, mara moja, tena nyumbani kwake. Huenda mwaka uliopita aliuliza hesabu akaambiwa akae chini. Aliyepinga naye ashukuriwe palepale, na hoja yake iandikwe katika muhtasari. Muhtasari huo ubandikwe kwenye kituo cha kuchotea maji, ambako hata aliyekosa mkutano atafika kesho alfajiri na ndoo yake.