Jiwe Chini ya Stendi

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya pikipiki iliyokuwa ikilala mno kwenye stendi yake. Pengine mtajiuliza, pikipiki na ibada wapi na wapi? Tuvumilieni kidogo.

Kanisani kwetu huku Mwea tunayo pikipiki moja, na sisi watatu ndio tunaoitumia. Twawapelekea wagonjwa dawa, twawabeba wazee wasioweza kutembea, na siku ya soko twaipakia hata magunia ya mchele. Ni chombo cha kazi, nasi twakishukuru.

Basi mwaka jana, mvua ya masika ilipoanza, tuliona kwamba tukiisimamisha inalala sana upande wa kushoto. Zamani iliinama kidogo tu, kama inavyotakiwa. Sisi tukasema, "Ni udongo." Wanaoijua Mwea wanaujua udongo wetu mweusi: wakati wa jua hupasuka nyufa, na wakati wa mvua huwa laini, stendi ikazama. Tukatafuta jiwe bapa, tukawa twaliweka chini ya stendi kila tunaposimama. Jiwe hilo tulilibeba mfukoni mwa pikipiki kwa majuma matatu.

Lakini pikipiki ililala vile vile hata juu ya saruji ya ukumbi wa kanisa, mahali pasipo na udongo. Tuliliona jambo hilo, tukalinyamazia.

Siku moja tuliisimamisha uani kwa mama mmoja mzee tuliyempelekea dawa. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa akicheza karibu. Jiwe likateleza, pikipiki ikaanguka, na mguu wa mtoto ukabanwa chini ya usukani. Pikipiki ile ina uzito wa zaidi ya kilo 100. Tuliiinua upesi, tukamkimbiza mtoto zahanati. Mungu alitusaidia, mfupa haukuvunjika. Lakini jeraha lilishonwa, na mtoto alikaa siku nyingi bila kukanyaga chini.

Jioni tulirudi kuomba radhi. Tukaeleza habari za mvua, na za udongo, na jinsi jiwe lilivyoteleza. Nyanya yake alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wanangu, kama mliweka jiwe, basi mlijua."

Hatukuwa na jibu.

Kesho yake tuliipeleka kwa fundi pale Wang'uru. Yeye hakuuliza habari za udongo. Aliishika stendi akaitikisa, ikacheza. Akaifungua bolti inayoishikilia kwenye fremu, akatuonyesha: bolti imelika upande mmoja, na tundu lake limepanuka likawa na umbo la yai. Akatazama nyuma, akaona springi ndefu tulizotia sisi wenyewe ili tubebe magunia zaidi. Pikipiki ilikuwa imepanda juu, na stendi imebaki fupi. Halafu akatuuliza, "Ndugu zangu, ni nani huketi juu ya pikipiki hii ikiwa kwenye stendi?"

Tukatazamana. Ni sisi sote. Tukingojea mtu, twaketi juu yake. Tukizungumza, twaketi juu yake. Hata kiki ya kuwashia twaikanyaga tukiwa juu, na mzigo umekwisha fungwa nyuma.

Fundi akasema, "Stendi hii ilitengenezwa ibebe pikipiki. Haikutengenezwa ibebe pikipiki pamoja na ninyi."

Aliitoa stendi, akalijaza tundu kwa kulichomelea, akalitoboa upya kwa kipimo, akatia bolti mpya. Tulimwomba airefushe sana ili pikipiki isilale tena kamwe. Akakataa. "Ikisimama wima kabisa," alisema, "mtu akiigusa tu itaangukia kulia, na huko hakuna stendi. Lazima iegemee kidogo." Akaongeza kiasi cha sentimita mbili tu, na chini akachomelea bamba pana lisizame udongoni.

Ndugu msikilizaji, katika nyumba nyingi yuko mtu aliye kama stendi ile. Pengine ni binti wa kwanza anayewalea wadogo zake. Pengine ni kijana aliye kazini Nairobi, ambaye mshahara wake mmoja hulipa karo ya watoto watano. Pengine ni mama anayemwuguza mgonjwa usiku na mchana. Mtu huyu alikubali kubeba kiasi chake, na alikibeba kwa furaha. Kisha sisi tukaja tukaketi juu yake. Tukaongeza gunia, na gunia jingine. Anapoanza kulala upande, anapojibu kwa ukali, anapokosa usingizi, twasema, "Ni maisha ya siku hizi." Twamwekea jiwe: neno tamu, shilingi chache, sala fupi mlangoni. Hayo si mabaya. Lakini jiwe si matengenezo, nalo lashuhudia kwamba tulijua. Na siku atakapoanguka, huenda aliye karibu akaumia ni mtoto.

Matengenezo huanza kwa kushuka. Mwendee mtu huyo leo, umwulize, "Ni mzigo gani wangu ninaokubebesha?" Akikutajia, usijitetee. Uchukue ulio wako. Wala usimwondolee yote, kwa maana naye apenda kuwa na wa kumtegemea. Mwachie kiasi chake.

Mtoto yule sasa anakimbia, ingawa kovu lingalipo. Tukifika kwao, husimama mbali kwanza, akaitazama stendi, ndipo huja kutusalimu. Hatumlaumu. Nasi tukifika mahali twaisimamisha, twashuka, twaketi kwenye kigoda kama watu wengine.

Ee Mungu Baba, utuonyeshe leo yule tuliyemkalia, ututie moyo wa kushuka kabla hajaanguka. Amina.