Mchanga wa Nani? Chimbuko na Ukuaji wa Tamasha la Mawimbi la Durban



Nimeombwa nieleze namna tamasha la michezo ya baharini linavyozaliwa na kukua. Nimechagua la Durban, Afrika Kusini, kwa sababu umri wake umepita nusu karne, na kwa sababu habari zake hazikamiliki bila kuwataja waliozuiwa kuingia majini.

Mwaka 1969 wapenzi watatu wa mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, Max Wetteland, Ernie Tomson na Ian McDonald, waliandaa mashindano katika ufukwe wa Bay of Plenty. Zawadi ilikuwa randi 500, wakayaita Durban 500. Bingwa wa kwanza alikuwa Gavin Rudolph. Mwaka uliofuata udhamini ukashikwa na sigara za Gunston, na kwa karibu miaka thelathini watu wakayajua kwa jina la Gunston 500.

Kwa nini Durban? Kwanza ni majira. Mwezi wa Julai huko ni wakati wa baridi. Dhoruba za mbali za bahari ya kusini husukuma mawimbi makubwa hadi pwani ya KwaZulu-Natal, na alfajiri umande unaovuma kutoka nchi kavu huyakabili usoni, yakasimama wima na laini badala ya kuporomoka ovyo. Mchezaji wa ubao hataki zaidi ya hapo. Pili ni nyavu. Hofu ya papa ilikuwa ya kweli: Tomson mwenyewe alikuwa mwogeleaji hodari mpaka papa alipomjeruhi mkono katika miaka ya 1940. Mwaka 1952 jiji lilitega nyavu mbele ya fukwe zake, watu wakarudi kuoga. Kasa na pomboo hunasa humo na kufa, na gharama hiyo yastahili mada ya peke yake.

Mashindano yalishamiri upesi. Mzunguko wa dunia wa wachezaji wa kulipwa ulipoanza mwaka 1976, Durban ilikuwa kituo kimojawapo. Shaun, mtoto wa Tomson, alishinda nyumbani mara sita mfululizo, kuanzia 1973 hadi 1978, na mwaka 1977 akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1981 Martin Potter, mvulana wa miaka 15 aliyekulia mjini humo, aliwashangaza wakubwa kwa kushika nafasi ya pili.

Hapa naomba tukae kidogo. Kwa Sheria ya 1953 ya kutenganisha huduma za umma, fukwe ziligawanywa kwa rangi, na sehemu zenye mawimbi bora zikawekwa kwa Wazungu. Mzulu na Mhindi wa Durban, waliozaliwa wakiisikia bahari ile, hawakuwa na ruhusa ya kukanyaga mchanga uliokuwa ukipambwa kwa bendera za mashindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alialikwa Eddie Aikau, mwenyeji wa Hawaii na mwokoaji mashuhuri wa Waimea Bay. Mchezo huu asili yake ni kwa wazee wake. Alipofika hotelini alikataliwa chumba kwa sababu ya rangi yake. Familia ya Tomson ikamchukua, akalala kwao. Ukarimu ule ulikuwa wa kweli, nami nauheshimu. Lakini nyumba moja yenye mlango wazi haikuweza kusimama badala ya pwani nzima iliyofungwa.

Mwaka 1985 wachezaji watatu wakubwa walikataa kwenda Afrika Kusini kushindana: Tom Carroll wa Australia, Tom Curren wa Marekani, na Potter yule yule. Kila aliyekosa kwenda alijipunguzia pointi katika mbio za ubingwa wa dunia. Fukwe zilifunguliwa kwa watu wote mwishoni mwa 1989. Kwa hesabu yangu, tamasha la umma la Durban lina umri kuanzia hapo. Miaka ishirini ya kabla yake yalikuwa mashindano mazuri ya watu wachache.

Yaliyofuata ni mambo ya kawaida ya kukua. Sheria ya 1999 iliyozuia matangazo ya tumbaku iliondoa sigara, ikaja kampuni ya nguo ya Mr Price. Baadaye shughuli zikahamia Ballito, kilomita 40 hivi kaskazini ya Durban, na kando ya mawimbi pakawa na muziki na familia zilizo likizoni. Mwaka 2018 Michael February wa Cape Town akawa Mwafrika wa kwanza asiye Mzungu kuingia ligi kuu ya dunia ya mchezo huu.

Ndugu zangu, sisi nasi tuna mashindano ya ngalawa na mashua, na wengi mmekuja hapa mkiwa na mipango ya matamasha mapya. Kwetu hakuna sheria ya rangi, lakini zipo njia za kwenda ufukweni zilizozibwa kwa kuta, na mvuvi hulazimika kuzunguka mbali kufikia chombo chake. Kabla hamjamwandikia mdhamini barua ya kwanza, nawaomba mzihesabu njia hizo katika miji yenu, na mdai zifunguliwe.