Hotuba ya Katibu Juu ya Umeme wa Kompyuta za Ofisi



Katika mkutano mkuu uliopita mzee mmoja alituuliza: "Kahawa yetu mwaipima kwa mizani, mbona umeme mwaununua kwa macho?" Swali hilo lilituchoma sisi wa ofisini, kwa kuwa alisema kweli. Katika sherehe hii ya miaka 10 twaomba ruhusa kulijibu.

Kila kompyuta ya mezani ina kisanduku cha chuma, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, kigeuzacho umeme wa ukutani uwe umeme mdogo uifaao mashine. Katika kugeuza huko sehemu ya umeme hupotea ikawa joto. Tuseme kompyuta yahitaji wati 60. Kisanduku chenye ufanisi wa asilimia 70 kitavuta wati 86 ukutani. Chenye asilimia 90 kitavuta 67. Wati 19 ni kama punje. Lakini kompyuta zetu ni 12, nazo hufanya kazi saa 8 kwa siku 300. Kwa mwaka mmoja hasara yapita yuniti 540, na mlipaji ni mkulima.

Mwaka 2004 ulianza Marekani mpango uitwao 80 PLUS. Daraja lake la kwanza hudai ufanisi wa asilimia 80 kisanduku kibebapo asilimia 20, 50 na 100 ya uwezo wake. Daraja la Gold, lililoongezwa mwaka 2008, hudai 87, 90 na 87 kwa umeme wa volti 115. Kwa volti 230 kama zetu ufanisi hupanda kidogo.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulipoona neno Gold, tulinunua visanduku viwili vya wati 750, kwa bei iliyowaudhi wengi, na wenye haki. Wengine waliogopa kwamba vitakula wati 750 kutwa. Sivyo: kisanduku huvuta kile ambacho kompyuta yakihitaji, pamoja na kile kipoteacho. Kosa letu lilikuwa jingine. Wati 60 ni asilimia 8 tu ya 750, na chini ya 20 daraja la Gold halina sharti lolote. Kisanduku kikubwa chenye mzigo mdogo aghalabu hupoteza zaidi, mfano wa lori zima kubeba gunia moja. Katika kisanduku cha wati 300 mzigo huo huo ni asilimia 20, nao umo ndani ya kipimo.

Sasa tunayo mita ndogo ya kuchomeka ukutani. Twachukua kompyuta ile ile, ikifanya kazi ile ile, twaifunga kisanduku kimoja baada ya kingine, kisha twasoma wati. Daftari la vipimo liko wazi mezani petu kwa kila mwanachama. Vile viwili vya wati 750 vimo ghalani bado, na hati zake. Halmashauri itaamua vikiuzwa, viuzwe kwa nani.